Pula Moja, Mafundi Wawili

Mashine ilirudi mwaloni Kibirizi, hapa Kigoma kando ya Ziwa Tanganyika, ikiwa imezima, boti yake ikivutwa na boti ya jirani. Hata mwezi haukuwa umeisha tangu ifungwe. Ilikuwa mpya, ya stroki nne. Mwenye mali, anayebeba abiria na mizigo kwenda vijiji vya kaskazini, aliinunua kwa kuchoshwa na gharama ya oili ya kuchanganya. Siku hiyo hakusalimia mtu. Fundi akafungua kifuniko, akatoa plagi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Zote nyeusi, zimejaa masizi na mafuta. Akageuka kumtazama kijana wake wa kazi, na kijana akatazama mchanga.

Hapakuwa na fumbo. Siku ya kuifunga, fundi alimwelekeza nahodha achanganye oili kwenye petroli, 50 kwa 1, kipimo anachompa kila mtu tangu ujana wake. Kwa stroki mbili ndivyo inavyotakiwa: oili husafiri na petroli, ikilainisha huku ikiungua. Stroki nne ina oili yake ndani, inayomwagwa na kubadilishwa kwa muda wake, na petroli yake huwekwa tupu. Ukiitilia mchanganyiko itakwenda, itatoa moshi, plagi zitachafuka kidogo kidogo, mwisho itagoma. Hii iligoma na abiria ndani.

Mwenye boti alipoondoka, fundi aliuliza bila kupandisha sauti.

"Ulijua?"

"Nilijua, fundi."

"Mbona hukusema?"

"Kulikuwa na watu."

Ilikuwa Machi 2024. Mimi ni mwalimu wa ufundi, napeleka wanafunzi wangu fildi kwa mafundi wa mwaloni, na siku hiyo nilikuwa nimekaa kwenye kigoda palepale nikingoja kusainiwa karatasi. Majina ya wahusika nayaacha kwa sababu Kibirizi ni padogo. Kisa chenyewe nimekirudia kichwani mara nyingi, maana nilikuwa nimeshakaa miaka miwili nikimhimiza fundi huyu awe mlezi wa vijana, na nilikuwa nimeelewa vibaya kinachomzuia.

*Mtu wa makamo*

Fundi alikuwa na miaka 47. Alianza kazi akiwa na 16, kwa kuosha vyuma kwenye beseni la petroli kwa bosi wake, na kwa miaka miwili ya mwanzo hakuruhusiwa kushika spana isipokuwa kumpa mtu. Hakufundishwa, aliiba kwa macho. Anasema hivyo kwa fahari, na maneno hayo yana maana kubwa katika kisa hiki kuliko nilivyodhani.

Sikio lake ni la ajabu. Boti ikiwa bado mbali anakuambia plagi ipi haichomi. Akiona yale maji ya kupoza yanavyotoka nyuma ya mashine, yamelegea au yanakatakata, anajua impella, kile kipanga cha kusukuma maji ya kupoza, imeliwa na mchanga, jambo la kila siku hapa kwa kuwa boti huvutwa na kusukumwa palepale ufukweni na mashine hunyonya mchanga. Cheti hana. Kitabu cha mashine kikija na Kiingereza chake anakifungia kwenye sanduku pamoja na risiti.

Umri wake hauna jina kwenye karatasi za serikali. Kwa sera yetu kijana ni wa miaka 15 hadi 35, na mzee huanzia 60. Aliye katikati hana sera, ana ada. Huyu alikuwa na watoto watatu, mmoja kidato cha sita, mgongo umeanza kulalamika kila anapobeba mashine kutoka kwenye boti, na macho yameanza kumdanganya kwenye vitu vidogo. Kiswahili humwita mtu wa makamo, na herufi moja tu ndiyo inayomtenga na makamu, yule wa kushika nafasi ya mwingine. Nimewahi kumtania kwa hilo. Hakucheka.

*Kosa langu la kwanza*

Mwaka 2022 nilimpelekea wanafunzi wawili. Baada ya wiki nane walirudi wakijua kuosha vyuma, kununua chai na kutofautisha spana namba 10 na namba 12. Kitabu cha fildi, ambacho mlezi wa kazini anatakiwa kukijaza kila wiki, kilikuwa kitupu. Niliandika kwenye ripoti yangu kwamba fundi "hana utayari wa kurithisha ujuzi". Nilijiona nimechambua.

Sasa naona nilichokuwa nimemwomba. Nilimpelekea vijana wawili wa kulishwa mchana, bila senti, wanaouliza "kwa nini" mbele ya wateja, pamoja na daftari la kuandika sentensi ndefu kwa mtu ambaye kalamu humchosha kuliko nyundo. Juu ya hayo, mmoja wao alikuwa na mjomba mwenye fremu ya spea mjini. Fundi aliona wazi kabisa kwamba anamfundisha mpinzani wake. Na alikuwa sahihi.

Nikijaribu kumlainisha, nilimpa mfano wa Liemba, maana hakuna mtu wa Kigoma asiyeujua. Meli ile iliundwa Ujerumani, ikaletwa vipande vipande, ikaunganishwa hapa na kushushwa majini 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani waliokuwa wanakimbia waliizamisha wenyewe, lakini mafundi wao kwanza walizipaka injini grisi nzito. Ilipoibuliwa 1924 injini zilikuwa nzima, na 1927 ikarudi kazini ikiwa na jina jipya. Nikamwambia, ona, watu walikuwa wanashindwa vita na bado walimfikiria fundi atakayekuja.

Akanijibu akiendelea kukaza nati: "Wale walikuwa na mshahara, Mwalimu."

Nilichukulia ni mzaha.

*Kijana*

Wanafunzi wangu wakaja na kwenda. Aliyebaki hakutoka chuoni kwangu. Alikuwa kijana wa Katubuka, miaka 23, aliyeishia kidato cha nne na kuanza kwa kubeba mashine za wateja kwa malipo ya siku. Alikuwa mwaka wake wa tatu pale. Posho yake ilikuwa ileile, shilingi 5,000 na chakula cha mchana kilichotoka kwa mke wa fundi, iwe siku hiyo imeingia kazi ya laki tatu au haikuingia kitu. Usiku alikuwa akitazama video za mashine kwenye simu. Hapo ndipo alipojua habari za stroki nne, kabla hata moja haijafika kwenye kibanda chao.

Kwa nini alinyamaza? Jibu jepesi ni woga. Nilipokaa naye peke yake alinipa jibu lililonyooka zaidi: kumsahihisha fundi mbele ya mteja ni kumvua nguo, na aliyemvua nguo fundi wake hana mahali pa kula kesho. Heshima kwake ilikuwa adabu ya nyumbani, na ilikuwa pia bima ya tumbo.

Upande wa fundi nao haukuwa kiburi mtupu. Miaka thelathini alikuwa yeye ndiye anayejua. Wateja walimlipa kwa kujua, mke aliolewa na anayejua, hata watoto humwambia mtu njiani "baba yetu ndiye fundi". Mashine moja mpya ikaja ikamwambia, mbele ya watu, kwamba kuna kitu hujui na huyu anayekuletea maji anakijua. Mtu wa miaka 25 akipatwa na hayo atajifunza, basi. Mtu wa miaka 47 anajiuliza kama ndiyo mwanzo wa kushuka.

Erik Erikson aliyagawa maisha ya binadamu katika hatua nane, na ya saba, hii ya makamo, aliiona kama mvutano kati ya kulea wanaokuja na kudumaa. Nakubaliana naye. Ila ukiisoma nadharia hiyo ukiwa umekaa juu ya pipa Kibirizi unaona kinachokosekana: umri wa kuombwa kutoa ndio huohuo wa matumizi makubwa kuliko yote. Kwa fundi asiye na pensheni, ujuzi aliouficha ndiyo akiba yake ya uzeeni. Kumwambia auachie bure kwa sababu amefika umri wa kulea ni sawa na kumwambia mwenye ng'ombe agawe maziwa kwa sababu ng'ombe amezeeka.

*Chai*

Jambo la kwanza walilobadilisha lilikuwa dogo na lilitoka kwa fundi mwenyewe, jioni ya siku ileile. Akamwambia kijana: ukiniona naelekea shimoni na watu wapo, niulize, "Fundi, nilete chai?" Mimi nitajua. Nitasimama, tutaenda pembeni, utaniambia.

Sijawahi kusikia mbinu bora ya malezi ya kazini kuliko hiyo, na nimehudhuria semina. Fundi hakusema "kuwa huru kunisahihisha", maneno ambayo hakuna kijana wa Kigoma angeyaamini. Adabu ilibaki mahali pake, mlango ukafunguliwa pembeni yake. Wiki iliyofuata chai ililetwa mara mbili. Mara ya pili kijana ndiye aliyekuwa amekosea, na fundi alimweleza pembeni, kwa sauti ya chini, kitu ambacho zamani angekifoka mbele ya mwalo mzima.

*Daftari la hesabu*

La pili lilikuwa pesa, na hapa ndipo nilipoelewa ule "mzaha" wa mshahara. Nilikaa nao Jumapili moja, tukaandika kwenye ukurasa wa daftari la shule la mtoto wake. Kazi ndogo, yaani plagi, kabureta, impella, pangaboi lililopinda, ni za kijana, na theluthi inakwenda kwa fundi kwa ajili ya kibanda na zana. Kushusha mashine nzima, yaani kuifungua yote na kuifunga upya, ni kazi ya fundi, na theluthi ni ya kijana. Stroki nne zote, nusu kwa nusu, kwa sababu mmoja ana kitabu na mwingine ana sikio. Posho ya siku ikafutwa.

Kijana aliogopa kufutwa kwa posho kuliko fundi alivyoogopa kugawa mapato. Sikulitarajia hilo. Ujira mdogo wa uhakika ulikuwa umemlea naye akaushikilia. Tulikubaliana mwezi mmoja wa kujaribu, na kama ameambulia chini ya posho yake ya zamani fundi ajazie. Haikufika huko.

*Miezi mitatu ya ziwa kufungwa*

Ningependa kusema tuliipanga, lakini ilituangukia. Tarehe 15 Mei 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ukasimamishwa hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Kigoma bila dagaa na migebuka ni kama nyumba iliyozimwa moto jikoni. Vipe, zile boti mbili zilizounganishwa kwa ajili ya wavu wa dagaa, vikapandishwa mchangani. Boti za abiria ziliendelea, lakini kazi kubwa ya fundi ilitoka kwa wavuvi.

Siku zote wavuvi wa dagaa walikuwa na likizo yao ya mbalamwezi, kwani mwezi ukijaa taa hazivuti samaki, na siku hizo chache kila mwezi kila mmoja huleta mashine yake kwa pamoja na kuitaka kesho. Kwenye haraka ya namna hiyo hakuna anayefundisha mtu. Sasa likizo ikawa ya miezi mitatu. Fundi akawaambia wenye vipe: leteni mashine niishushe yote, mtanilipa ziwa likifunguliwa. Kumi na moja waliitikia. Hela hakuna, ila muda ukawepo, na kwa kweli muda ndicho kitu ambacho mwaka mzima kilikuwa kinakosekana.

Akatandika turubai. Siku ya kwanza alishindwa.

Alijua kufanya ila hakujua kueleza. Kijana akiuliza umejuaje, anajibu "sikiliza". Nasikiliza nini? "Sikiliza tu." Yule aliyeiba kwa macho hajawahi kusikia mtu akifundisha, kwa hiyo hana mfano wa kuiga. Nadhani hapa ndipo mafundi wengi wa makamo wanapokwama na kuitwa wachoyo.

Ufumbuzi ulikuja siku ya nne au ya tano. Mashine ikiwa imefungwa kwenye fremu ya mbao, mguu wake ndani ya pipa la maji ili ipoe, fundi alimwambia kijana ageuke atazame ziwa. Akachomoa waya wa plagi moja. "Nimefanya nini?" Kijana hakujua. Akaurudisha, akachomoa tena. Akarudisha, akaupunguza upepo wa kabureta. Akarudisha. Siku hiyo walifanya hivyo mpaka petroli ikaisha na mke wa fundi akauliza kama kweli wanachoma hela kwa mchezo. Wiki ya tatu kijana alikuwa anapatia nane katika kumi. Alipokosea, fundi alilazimika kusema tofauti ni ipi, na kwa kulazimika akaanza kupata maneno: hii inakohoa, hii inachechemea, hii ina kiu. Msamiati ule sikuwahi kuupata katika kitabu chochote cha ufundi, na nimeuchukua kwenda nao darasani.

Kisha wakabadilishana. Kijana akasoma kitabu cha ile stroki nne, akikitafsiri kwa msaada wa simu, sentensi kwa sentensi, huku fundi akigusa kila sehemu inayotajwa. Kwenye kupima nafasi ya vali, fundi akashindwa kuona. Akasingizia mwanga. Siku mbili baadaye alikuja na miwani ya kusomea kutoka Mwanga, mtaa wa hapa mjini, akaivaa bila kusema neno, na kijana, Mungu ambariki, naye hakusema neno.

*"Fundi mwenyewe yuko wapi?"*

Ziwa lilipofunguliwa watu wakaja kwa mkupuo. Kwa makubaliano, kijana ndiye apokee wateja na kusikiliza mashine kwanza, fundi akae chini ya mwembe mpaka aitwe. Nilipita asubuhi hiyo. Sijawahi kumwona mtu akiteseka hivyo kwa kukaa kivulini. Kila mteja alimpita kijana kama mlango wazi: "Fundi mwenyewe yuko wapi?" Na yeye kila mara: "Mweleze huyo. Mimi nitasikia kwake."

Mmoja, mteja wa miaka mingi mwenye vipe viwili, alisema hakuja kujaribiwa na watoto, akabeba mashine yake kwenda kwa fundi mwingine. Mpaka leo hajarudi. Katika ripoti za aina hii huwa tunaandika faida tu, kwa hiyo naliandika hili: ulezi ulimgharimu fundi mteja mkubwa, na hakuna aliyemfidia. Kijana aliona mteja anaondoka, akaona pia kwamba fundi hakunyanyuka. Ninavyodhani mimi, siku ile alijifunza zaidi kuliko kwenye turubai, ingawa nikimuuliza yeye anasema alichojifunza ni kwamba wateja wana dharau.

*Kuondoka*

Kathy Kram, mtafiti wa Marekani aliyechunguza mahusiano ya namna hii makazini, aliyagawa mwaka 1983 katika vipindi vinne: kuanza, kukuzana, kutengana, na uhusiano kuzaliwa upya kwa sura nyingine. Kipindi cha tatu hapa kilifika Januari 2025, mapema kuliko nilivyotaraji. Kijana alisema anataka kwenda kufungua chake Kagunga, mpakani, ambako boti ni nyingi na mafundi ni wachache. Fundi alinuna wiki nzima. Kwangu alilalamika: "Si nilikuambia?"

Kweli aliniambia. Hofu yake ya mwaka 2022 ilikuwa imetimia neno kwa neno. Tofauti ni kwamba Kagunga si Kibirizi. Wateja wa kule hawakuwa wake, na kijana aliichagua kwa sababu hiyo, jambo ambalo hakulisema mpaka nilipomchokonoa. Angefungua kibanda hatua hamsini kutoka pale kama wangeendelea na posho ya 5,000 na kufokeana. Hilo siwezi kulithibitisha. Naliamini tu.

Kuna desturi iliyofufuka bila mimi kuitaja. Zamani Waswahili walikuwa na kilemba, malipo ambayo mwanafunzi alimpa fundi wake alipohitimu. Mama mkwe wa fundi, mzee wa Ujiji, aliposikia kijana anaondoka aliuliza: "Na kilemba chako kiko wapi?" Fundi akasema mambo hayo yamepitwa. Lakini bibi alikuwa ameshamwuliza na kijana. Jumamosi ya kuondoka kijana alikuja na kofia ya mkono kwa fundi na doti ya kitenge kwa mke wake, aliyempikia karibu miaka minne na ambaye, naona aibu kukiri, hayumo hata kwenye mstari mmoja wa ripoti zangu za wakati ule.

Wanafunzi wangu wa fildi sasa wanakwenda kwa fundi huyo wawili wawili, wanageuzwa kutazama ziwa, na kitabu chao nakijaza mimi kwa kumsikiliza akisimulia. Nimemwelekeza kwenye utaratibu wa VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wa kurasimisha ujuzi uliopatikana mitaani ili naye apate cheti. Anasema atakwenda. Anasema hivyo tangu mwaka jana.

Kijana huja mjini kila baada ya wiki kadhaa kuchukua spea, na kila akija anaazima pula, ile zana ya kung'olea flaiwili, gurudumu zito la juu ya injini, maana ile ya fundi ilichongwa na bosi wake wa zamani na haitelezi. Anaondoka nayo, anairudisha safari inayofuata, anaiazima tena. Nilimwambia fundi kwamba mchomeleaji yeyote wa Mwanga anaweza kumtengenezea nyingine kama ile kwa siku moja, ampe kijana, yaishe.

"Najua," alisema.

Pula bado ni moja.